Shajara ya mradi: Kuchunguza chembe sahani za damu kwa flosaitometa, Tabora

Shajara hii ni ya mwenzetu yeyote wa maabara mwenye flosaitometa (mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kupima mng'ao wake) ya kuhesabia seli za kinga za CD4, isiyo na kazi nyingi siku hizi, na mwenye wagonjwa wanaotokwa damu ovyo ilhali hesabu ya chembe sahani zao (plateleti, chembe zinazoziba jeraha ili damu ikatike) ni nzuri. Hapa Tabora tunao. Mtoto anatokwa damu puani usiku kucha. Mwingine anang'olewa jino, damu haikatiki hadi kesho yake. Binti anavunja ungo na kuishia wodini akiongezewa damu. Ukipima picha kamili ya damu, plateleti ni 250,000 kwa mikrolita, ndani kabisa ya kiwango cha kawaida cha 150,000 hadi 450,000. Majibu yanaandikwa "kawaida", na mama anarudi nyumbani na mtoto yuleyule. Kinachotafutwa hapa ni kama chembe hizo, ambazo zipo, zinafanya kazi yake.

13 Januari 2025: Mashine

Mashine ni ya rangi nne na leza mbili, ya bluu ya nm 488 na nyekundu ya nm 635. Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 zishuke, kazi yake imepungua sana. Fundi alibadilisha mipira ya maji, akapanga leza upya na kuweka betri mpya kwenye UPS. Jumla shilingi 1,850,000. Betri peke yake ni 640,000. Kibali cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilikuwa kimeshatoka. Fomu ya ridhaa tumeiandika kwa Kiswahili chepesi ili isomwe kwa sauti mbele ya mzazi.

3 Februari 2025: Kingamwili

Chembe sahani hutegemea vipokezi viwili vikuu, yaani protini za juu ya chembe zinazoshika vitu vingine. Cha kwanza ni GPIb-IX-V, kinachoidaka protini ya von Willebrand pale mshipa ulipochanika. Kwa majina ya CD, yaani namba zinazotumika kutaja protini za juu ya seli, ni CD42. Cha pili ni GPIIb/IIIa, yaani CD41 na CD61 zilizoungana, kinachoshika faibrinojeni, protini ya damu, na kuzifunga chembe zenyewe kwa zenyewe. Chembe moja ya mtu mwenye afya hubeba takriban vipokezi 25,000 vya aina ya kwanza na 80,000 vya aina ya pili. Tunapaka kingamwili (protini ambazo kila moja hushika kitu kimoja maalumu) zenye rangi inayong'aa, leza inapiga chembe moja baada ya nyingine, na mng'ao unatuambia kipokezi kipo kwa wingi gani.

Asiye na CD41/CD61 ana ugonjwa wa Glanzmann, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, aliyeueleza mwaka 1918. Asiye na CD42 ana ugonjwa wa Bernard-Soulier, ulioelezwa na Wafaransa Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier mwaka 1948. Wa namna hii chembe zake huwa chache na kubwa mno. Kwa kawaida yote miwili humpata mtoto aliyerithi kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Tumeagiza kingamwili za CD41, CD61, CD42b (sehemu ya CD42), na mbili za kupima uamsho, yaani chembe inapoanza kazi: CD62P, ambayo hujitokeza juu ya chembe pale tu vifuko vyake vya ndani vinapofunguka, na PAC-1, inayoshika GPIIb/IIIa ikiwa tu imeshafunguka tayari kwa kazi. CD36 tumeiacha kwa makusudi, maana wapo watu wenye afya njema, Afrika na Asia, ambao hawana CD36 kwenye chembe zao. Pamoja na kusafirisha kwa ndege kutoka Dar es Salaam kwenye boksi la baridi, tumelipa shilingi 5,200,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi huu.

Kwa sababu hiyo tulitumia siku kadhaa kupunguza dozi. Karatasi ya kiwandani inasema mikrolita 20 kwa kipimo, lakini dozi hiyo imepangiwa seli nyingi kuliko zilizomo kwenye mikrolita 5 za damu tunazotumia sisi. Tulijaribu 20, 10, 5 na 2.5. Kwenye 5 mng'ao wa chembe ulikuwa uleule wa 20, kwenye 2.5 ukaanza kushuka. Kichupa cha vipimo 100 sasa kinatoa 400. Mwenye kuiga asiruke hatua hii, wala asichukue namba yetu bila kuijaribu, kwa sababu kila toleo la kingamwili lina nguvu yake.

20 Februari 2025: Takataka kwenye skrini

Chembe sahani ina kipenyo cha mikromita 2 hadi 4. Mashine iliyopangwa kwa limfosaiti, seli nyeupe kubwa zaidi, haiioni kabisa, au inaiona imebanwa kwenye kona pamoja na vumbi. Tulibadili vipimo vya ukubwa na vya muundo wa ndani wa chembe kutoka mstari wa kawaida kwenda wa logi, tukashusha kizingiti. Chembe zikaonekana, ila zimezungukwa na wingu la vitu visivyoeleweka.

Tuliweka tyubu ya bafa (maji maalumu ya kuzimulia damu) peke yake, bila tone la damu. Wingu likabaki palepale. Basi damu haikuwa na kosa, uchafu ulikuwa kwenye maji yetu. Bafa iliyotengenezwa wiki iliyopita huwa imeshaanza kuota vijidudu hata kama kwa macho ni safi kama maji ya mvua. Sasa bafa zote zinapitishwa kwenye chujio la mikromita 0.2 asubuhi ya kazi, na maji ya mashine yanapitia chujio lake. Kabla ya kila kundi la sampuli tunaendesha bafa tupu, na ikizidi vitu vichache tunasafisha mashine kwanza. Machujio ya sirinji ni shilingi 6,000 kila moja.

Kasi nayo ilisumbua. Kwa kasi ya juu chembe mbili tatu hupita mbele ya leza kwa pamoja na mashine huzihesabu kuwa moja kubwa. Tunaendesha kwa kasi ya chini kabisa, damu ikiwa imezimuliwa vya kutosha, na tunakusanya chembe 10,000 kwa kila tyubu.

11 Machi 2025: Geti linaloweza kumfuta mgonjwa

Hapa naomba msomaji atulie, maana kosa hili halitoi dalili yoyote.

Ili kuacha vumbi nje, mpango wa kwanza ulikuwa kuiwekea mashine geti, yaani sharti la nini kihesabiwe: hesabu kitu pale tu kinapong'aa kwa CD61. Kwa watu wenye afya picha ilikuwa safi, kila mtu akafurahi. Mwenzetu mmoja, dada aliyekuja kwetu kutoka benki ya damu, akauliza swali moja: mgonjwa wa Glanzmann ambaye hana CD61 ataonekana wapi kwenye picha hii? Hataonekana. Chembe zake zote zitatupwa pamoja na vumbi, na vile vichache vitakavyopenya, viwe vumbi au chembe za mtu aliyemchangia damu, ndivyo vitakavyopimwa na kuandikwa kuwa vizuri. Kipimo kingempoteza mtu yuleyule kilichowekwa kumtafuta.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa ana tyubu mbili. Ya kwanza inazitambua chembe kwa CD42b na kupima CD41 na CD61. Ya pili inazitambua kwa CD61 na kupima CD42b. Mwenye Glanzmann atatambulika kwenye ya kwanza, mwenye Bernard-Soulier kwenye ya pili. Kwa ajili ya huyu wa pili tumepanua pia kisanduku cha ukubwa kwenda juu, kwa sababu chembe zake zinaweza kufikia ukubwa wa seli nyekundu, na kisanduku kifupi kingezikata. Mashine ya picha kamili ya damu hufanya kosa hilohilo: huzihesabu kama seli nyekundu, na hesabu ya chembe inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kuangalia slaidi kwa hadubini ni lazima.

9 Aprili 2025: Watu wazima wenye afya, chembe zimeamka

Vipimo vya uwepo wa vipokezi vilikwenda vizuri. Vya uamsho havikwenda. Kwa mtu mwenye afya, chembe zenye CD62P kabla ya kuamshwa zinapaswa kuwa chache sana, asilimia chache tu. Zetu zilikuwa kati ya asilimia 30 na 40, na wote waliojitolea ni watumishi wazima wa afya, hakuna aliyemeza aspirini wala diklofenaki kwa wiki mbili.

Tulishuku kingamwili, tukaweka kontroli ya isotaipu (kingamwili isiyolenga chochote kwenye chembe), ilikuwa safi. Tulishuku mpangilio wa rangi, kwa sababu mng'ao wa rangi ya FITC humwagikia upande wa rangi ya PE. Tukausahihisha, tofauti ikawa ndogo. Ndipo tukaanza kufuatilia damu kuanzia mkononi.

Mpira wa kufungia mkono ulikuwa unakaa muda mrefu, na tyubu ya kwanza kujaa ndiyo iliyokuwa inapimwa. Sasa mpira unalegezwa mara damu inapoingia, mililita za kwanza zinaenda kwenye tyubu nyingine, sindano ni ya geji 21. Asilimia ikashuka, lakini haikufika chini. Tyubu ya sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) asilimia 3.2 lazima ijae hadi alama, sehemu 1 ya sitreti kwa sehemu 9 za damu, kisha igeuzwe taratibu mara chache. Vijana wetu wamezoea kutikisa kwa nguvu ili isigande, na kutikisa ni kuziamsha chembe.

Kikubwa kuliko vyote kilikuwa barafu. Sisi watu wa maabara tumefundishwa kuwa sampuli njema ni ya baridi. Chanjo baridi, vitendanishi baridi, boksi la sampuli lina barafu pande zote. Chembe sahani ziko kinyume. Zikipoa hubadili umbo na kuanza kuamka zenyewe. Ndiyo maana hata chembe za kumwongezea mgonjwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24 huku zikitikiswa polepole, na hazikai zaidi ya siku chache. Tulitoa barafu, tukaweka damu mezani kwenye chumba chenye kiyoyozi, tukaipaka kingamwili ndani ya saa moja, dakika 15 gizani, bila kuizungusha kwenye sentrifuji hata mara moja. CD62P ikashuka chini ya asilimia 5. Gharama ya marekebisho yote haya ilikuwa muda tu.

26 Mei 2025: Damu inayosafiri

Wagonjwa tunaowatafuta hawako karibu na maabara. Wako Kaliua, Urambo, Sikonge, Nzega. Nauli ya mama na mtoto, kulala na kula mjini, ni hela ya debe la mahindi na zaidi. Kwa hiyo tulitaka kujua ni kipi kinachostahimili safari.

Tulitoa damu ya mtu mmoja mwenye afya, tukaigawa. Tyubu moja ilibaki mezani, nyingine ikapanda basi hadi Kaliua na kurudi jioni. Kondakta alitaka boksi liende kwenye buti na mizigo. Mhudumu wetu akamwambia, "Kaka yangu, hii ni damu ya kupima, nitaipakata mwenyewe," akaachiwa. Jioni tukazipima zote.

CD61 na CD42b hazikutofautiana na za mezani. CD62P ya tyubu iliyosafiri ilipanda mara kadhaa, na ilipowekewa ADP ya kuiamsha, PAC-1 ilijibu kidogo mno. Ungepewa tyubu ile bila kujua historia yake, ungeandika kwamba mtu huyu ana chembe zisizofanya kazi.

Jambo la pili lilitoka kwenye tyubu za zambarau. Zahanati nyingi zina tyubu za EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, peke yake, sitreti hazijui. EDTA hunyang'anya kalsiamu, na bila kalsiamu PAC-1 haishiki chochote, hilo tulilitegemea. Ila EDTA iliyokaa kwenye joto la mwili hufanya zaidi: huachanisha CD41 na CD61. Kingamwili yetu ya CD41 huzitambua zikiwa zimeungana. Tyubu ya EDTA tuliyoiacha kusudi kwenye dashibodi ya gari mchana ilitoa CD41 iliyoshuka vibaya kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote. Kwa jua la Tabora la Septemba na Oktoba, dereva akipaki gari juani anaweza kumtengenezea mtu Glanzmann ya uongo.

Uamuzi wetu ni huu. Sampuli kutoka wilayani zinapimwa uwepo wa vipokezi tu. Kila tyubu ya mgonjwa inaandamana na tyubu ya mtu mwenye afya asiye ndugu yake, ambaye tunamwita msindikizaji, iliyotolewa saa ileile, na mtoa damu yuleyule, na kukaa boksi moja safari nzima. Majibu yanasomwa kwa kulinganisha hizo mbili. Kontroli ya hapa mezani haitoshi, kwa sababu haijapanda basi. Kama tyubu ya msindikizaji imeharibika, ya mgonjwa haisomwi, inaombwa upya. Boksi halina barafu. Lina chupa za maji ya kawaida za kutuliza joto na kipimajoto kinachotunza kumbukumbu, shilingi 85,000. Anayehitaji vipimo vya uamsho anakuja mwenyewe, na nauli inatoka kwenye mradi.

Kama ningeulizwa ni ukurasa gani wa shajara hii wa kunakili kwanza, ni huu.

17 Juni 2025: Malaria

Fupi tu. Malaria hushusha chembe sahani, na mkoani kwetu iko mwaka mzima. Watoto wengi walioletwa na chembe chache walikuwa na vimelea, na baada ya dawa chembe zilipanda. Kipimo cha haraka cha malaria na slaidi vinatangulia. Mwenye vimelea anatibiwa na kurudi baadaye. Watoto wachanga hatuwapokei kwa vipimo vya uamsho, maana chembe zao kwa kawaida hujibu kivivu kuliko za wakubwa.

5 Agosti 2025: Binti wa miaka 13

Ametoka wilaya mojawapo ya magharibi ya mkoa. Maelezo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Pua tangu utotoni, fizi, na tangu avunje ungo ameshaongezewa damu zaidi ya mara moja. Chembe 280,000, ukubwa wa kawaida, slaidi nzuri ila chembe zimetawanyika moja moja, hakuna vifungu hata sehemu ya slaidi ambako kwa kawaida huonekana.

Tyubu ya kwanza: CD42b inang'aa vizuri, kidogo hata juu ya msindikizaji wake. CD41 na CD61 ziko chini ya asilimia 5 ya za msindikizaji. Tyubu ya pili, inayotambua kwa CD61, ilikuwa karibu tupu. Msindikizaji alikuwa sawa kwenye zote, na kipimajoto cha boksi hakikupita 27.

Tulikaa kimya kwa muda mbele ya skrini. Glanzmann hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya milioni 1. Hatukuandika majibu siku hiyo. Tuliomba aje mwenyewe.

9 Septemba 2025: Sampuli ya pili, na wazazi

Binti alifika na baba na mama. Damu ilitolewa hapa, ikapimwa ndani ya saa moja: majibu yaleyale. Alipowekewa kiamsho cha TRAP-6, CD62P ilipanda kama ya mtu mwenye afya, yaani vifuko vyake vya ndani vinafunguka, wakati PAC-1 haikusogea. Chembe zinaamka, hazina cha kushikania. Baba na mama, ambao hawajawahi kutokwa damu ovyo, wana CD41 na CD61 nusu ya kontroli. Picha ya familia na picha ya mtoto zinakubaliana. Uthibitisho wa jeni, ITGA2B na ITGB3 zilizoko kwenye kromosomu ya 17, hauwezi kufanyika hapa. Daktari bingwa ameandika rufaa.

Mama aliuliza, "Mwanangu, ni mimi niliyempa?" Nilimjibu, "Shikamoo mama, hakuna aliyempa kwa kosa. Wewe na baba kila mmoja amebeba nusu, na nusu hiyo haiwaumizi." Tukazungumza pia na baba kuhusu wadogo zake binti, nao wakapimwa wiki iliyofuata: mmoja ana nusu ya vipokezi, mwingine anavyo vyote kama kawaida.

Majibu haya yamebadilisha matibabu yake kuanzia siku ileile. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku kwake, na imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kadi anayotembea nayo. Amepewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikatike, ya kutumia siku za hedhi na puani, na daktari wa wanawake amempangia dawa za kupunguza hedhi. Kuongezewa chembe sahani kumewekwa kuwa silaha ya mwisho, kwa sababu mwili usiojua CD41/CD61 unaweza kuzitengenezea kingamwili, na baada ya hapo chembe za kuongezewa hazimsaidii hata siku anapozihitaji kweli.

21 Oktoba 2025: Joto, na jaribio lililokwama

Kiyoyozi kilizidiwa, chumba kikafika nyuzi 31, na mng'ao wa shanga za kupimia leza ukaanza kuhama tangu saa 6 mchana. Kiyoyozi cha pili, shilingi 1,400,000 pamoja na kufunga. Hadi kilipofungwa tulifanya kazi alfajiri.

Tulijaribu pia mepakrini, dawa ya zamani ya malaria inayong'aa kijani na kuingia kwenye vifuko vizito vya chembe, ili kuwapata wenye upungufu wa vifuko hivyo. Watu wenye afya walitofautiana mno, siku moja juu, nyingine chini, mtu yuleyule. Kipimo hakitatolewa kwa mgonjwa hadi kontroli zitulie. Tutaanza tena msimu wa baridi, kwa joto moja na dakika zilezile.

Gharama ya kumpima mgonjwa mmoja na msindikizaji wake, tyubu mbili kila mmoja, vitendanishi tu, imetulia kwenye shilingi 38,000. Hatumtozi mtu. Sampuli zinapokelewa Jumanne na Alhamisi hadi saa 5 asubuhi. Tyubu za sitreti na boksi zinachukuliwa kwetu mapema, na wilaya za Uyui na Igunga zimeshachukua zao.